Nani Anachemsha Bahari?

Fundi makochi hakuwa na kochi. Katika maisha yake ya kazi alikuwa amewakalisha vizuri mawakili, madaktari na mwenye bucha mmoja mnene, lakini yeye na watu wake walikalia vigoda, ndoo zilizofudikizwa, na kiti kimoja cha plastiki ambacho mguu wake ulifungwa kwa waya. Sebuleni hapakukosekana makochi ya watu, yamefunikwa nailoni, na amri ya nyumba kuhusu makochi hayo ilikuwa moja tu: asikalie mtu. Dada yake fundi, aliyerudi kukaa naye baada ya kuchoshwa na waume wawili (au kuwachosha yeye, inategemea nani anasimulia), aliyaita makochi hayo wapangaji wasiolipa kodi.

Kwa hiyo binti wa nyumba hiyo alipotoka chuo cha ualimu na kutangaza kwamba Jumamosi mshauri wa wanafunzi atakuja kukaa sebuleni mwao, swali la kwanza halikuhusu elimu.

"Atakaa wapi?" aliuliza mama yake, mikono ikiwa bado na povu. Alikuwa dobi, akifulia watu wa mtaa wa pili.

"Mama, si suala la kukaa. Anakuja kunitazama nikiwafundisha."

"Ukimfundisha nani?"

"Ninyi."

Shangazi aliweka chini kikombe chake. "Sisi tumekosa nini?"

Mshauri huyo wanafunzi walimwita Mama Kioo, kwa sababu ukikaa mbele yake huna budi kujiona, upende usipende. Utaratibu wake ulijulikana chuo kizima. Kabla mwanafunzi hajatumwa kwenye mazoezi ya kufundisha, alipaswa kwanza kuwafundisha watu wa kwao somo moja, akiwa nyumbani kwao. Somo likiisha, alitakiwa aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu hao hao, uwezo wake ni upi na udhaifu wake ni upi. Wenyeji hawakuruhusiwa kumsaidia. Mama Kioo alishikilia kwamba chuoni mtu aweza kujipaka rangi yoyote, lakini ni vigumu kusema uongo juu yako mwenyewe mbele ya shangazi yako.

Aliyeshindwa kujisema alibaki chuoni wenzake wakienda mazoezini, na muhula aliurudia. Muhula mmoja zaidi haukuwa mzigo ambao nyumba ya fundi ingeweza kuubeba. Huu uliopo wenyewe walikuwa wakiuburuta.

"Basi hufeli," alisema baba, akitoa misumari midogo mdomoni ili aseme vizuri. "Tutajiandaa."

Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Familia nyingine zingengoja Jumamosi ifike. Familia ya fundi makochi iliamini kwamba kazi nzuri ni ile ambayo mshono wake hauonekani, na kwa imani hiyo wakaamua kulishona somo lote mapema.

Binti, ambaye tangu utotoni walimwita Madam kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkuta bila jibu, hakuwapinga. Moyoni alifurahi. Somo lilikuwa mzunguko wa maji, na akawagawia majibu kama mtu anavyogawa sahani. Shangazi alipewa mvuke. Kaka yake mkubwa, aliyeitwa Waziri kwa kuwa alikuwa na mipango mingi na hakuwa na ofisi, alipewa mawingu. Baba akapewa mvua. Mama, aliyesema yeye asipewe kitu kigumu, alipewa ya mwisho: Madam akiuliza kama wameelewa, yeye aitikie, "Tumeelewa vizuri sana, mwalimu."

Wakakariri wiki nzima. Shangazi aliamka na mvuke na kulala na mvuke. Waziri alitaka abadilishiwe, akisema mawingu ni jibu la mtu wa kawaida, na akaambiwa kwamba hiyo ndiyo sababu amepewa yeye.

Likabaki suala la kiti. Kochi la mwenye bucha lilikuwa limekwisha tangu Jumatano, jekundu, vifungo vimezama mgongoni kama vitovu. Mwenyewe alipiga simu kuliulizia mara kadhaa, na kila mara fundi alimjibu kwamba gundi haijakauka.

"Baba, si dhambi hiyo?" aliuliza Madam.

"Dhambi ni mwalimu wako kukalia ndoo."

*

Jumamosi Mama Kioo alifika, mwanamke mwembamba mwenye viatu vya kutembelea na mkoba usio na kitu cha kutisha ndani. Alikaribishwa kwenye kochi jekundu. Fundi alimtazama anavyoketi kwa uangalifu wa mtu anayemwona mgeni akibeba kitoto cha jirani. Wenyeji wakajipanga kwenye vigoda na ndoo, nguo zimenyooka, vinywa tayari. Shangazi alikuwa amejipaka wanja.

Madam alisimama mbele ya ubao alioukopa, akasafisha koo.

"Hamjambo wote. Leo tuna mgeni, na ningependa kuanza kwa kuwauliza..."

"Mvuke," alisema shangazi.

Waziri, aliyeona kwamba jibu lililo mbele yake limeshatoka, alihesabu zamu yake kuwa imefika. "Mawingu," alisema, kwa sauti ya mtu anayefungua daraja.

Fundi katika maisha yake hakuwahi kuchelewesha kazi iliyomfikia mkononi, ukiacha ya mwenye bucha. "Mvua," alisema.

Mama alimtazama binti yake, akawatazama wenzake, akaona hana njia. "Tumeelewa vizuri sana, mwalimu."

Somo la nusu saa lilikuwa limekwisha kabla ya swali la kwanza. Mama Kioo aliuma mdomo wa chini na kutazama dari, ambayo haikuwa na cha kutazamwa.

"Huo ulikuwa utangulizi," alisema Madam, masikio yakimwaka.

"Naona," alisema Mama Kioo. "Ni darasa lenye kasi."

Kabla Madam hajapata la kusema, mlango ulijaa. Mwenye bucha alisimama pale, nyuma yake wabebaji wawili, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kochi, yakapanda hadi kwa aliyelikalia.

"Fundi."

"Karibu, bosi."

"Uliniambia gundi haijakauka."

"Haijakauka sana."

"Sasa huyu mama amekalia nini, uji?"

Mama Kioo aliinuka. Fundi naye aliinuka, akabaki na mikono isiyojua pa kwenda. Alikuwa mtu ambaye hata deni la chumvi hulipa, na kushikwa uongo mbele ya mwalimu wa mwanawe kulimfanya aonekane mfupi kuliko alivyokuwa. Ni mama aliyesema, taratibu, akitazama sakafu: "Shemeji, tusamehe. Binti ana mtihani. Hatuna pa kumkalisha mwalimu wake."

Mwenye bucha alitazama vigoda. Akatazama ndoo. Hasira ilimtoka mahali ilipokuwa bila kuonyesha ilikokwenda. Aliwaambia wabebaji wangoje nje, akaketi kwenye ncha moja ya kochi lake, akapigapiga ncha ya pili kwa kiganja.

"Kaa, mwalimu, kaa. Jisikie nyumbani. Kochi ni langu." Kisha akamgeukia Madam. "Endelea, binti. Mimi sina haraka, nyama imeisha."

Hivyo ndivyo mwenye mali alivyogeuka mwenyeji, na wenyeji wakawa wageni kwenye sebule yao. Fundi alirudi kwenye ndoo yake. Hakuna aliyekuwa na jibu lililobaki. Yote yalikuwa yametumika.

*

Madam alichora bahari, akachora jua, akachora mishale. Mkono wake ulikuwa mzuri na sauti yake ilijaa chumba. Alieleza jinsi jua linavyoipiga bahari, mvuke ukapanda, ukawa mawingu, mawingu yakashusha mvua. Pengine mambo yangekwenda, lakini shangazi alikuwa na heshima ya kurudisha. Alikuwa ameaibika na mvuke wake mbele ya mwanamume mwenye bucha, na hakupenda siku iishe hivyo.

"Mwalimu, nina swali. La kwangu, si la kupewa."

"Uliza, Shangazi."

"Bahari ina chumvi. Mvua inatoka baharini. Mbona mvua haina chumvi?"

Ni swali zuri. Mama Kioo alisogea mbele kidogo. Madam hakuwa amelifikiria katika maisha yake, na kwa muda wa kuvuta pumzi moja alilijua hilo. Kisha mdomo wake ukafanya ulichozoea.

"Chumvi huchujwa na mawingu."

"Mawingu yana chujio?"

"Ndiyo. Aina ya chujio. La asili."

"Na chumvi yenyewe inabaki huko juu?"

"Inabaki."

"Tangu dunia ianze?" Shangazi alitazama dari kwa wasiwasi. "Itakuja kutuangukia."

"Kuna mawingu maalumu," alisema Waziri, ambaye kila mara alikuwa tayari kuunga mkono jambo lisilokuwepo. "Nimewahi kusikia."

"Wewe bosi, unaonaje?" shangazi alimgeukia mwenye bucha, akirekebisha ushungi wake.

"Mimi? Sijui."

"Hujui kabisa?"

"Sijui kabisa. Mimi nauza nyama. Nikianza kuwaza mawingu nikiwa na shoka mkononi, nitakuuzia vidole."

Lile "sijui" alilisema kama anavyosema bei, halafu akajikuna shingo. Dunia haikumwangukia. Madam alimtazama kwa mshangao wa mtu aliyemwona mwenzake akipita mlango ambao yeye siku zote alidhani ni ukuta.

Mama Kioo alitazama saa. "Basi, tuishie hapo. Sasa jiseme. Anza na udhaifu. Ninyi wengine, tafadhali, midomo."

Jibu la hilo Madam alikuwa nalo. Lilikuwa la chuo kizima, lilipokezwa bwenini kama sabuni. "Udhaifu wangu," alisema, "ni kwamba naipenda kazi kupita kiasi. Najisukuma mno. Nataka kila kitu kiwe kamili."

"Huo ni udhaifu wa watu wanaoomba kazi," alisema Mama Kioo. "Hauumi. Nipe unaouma."

"Labda... mwandiko wangu unaweza kuwa mkubwa zaidi."

Shangazi alifungua kinywa. Mama Kioo aliinua kidole, kinywa kikafungwa. Fundi alikuwa amekaza macho sakafuni, midomo ikisogea bila sauti, kana kwamba anamnong'oneza binti yake jibu ambalo naye hakuwa nalo. Akilini mwake muhula wa pili ulikuwa tayari umeshaingia mlangoni na kuvua viatu.

"Binti," alisema Mama Kioo, bila ukali, "ukikosa cha kusema, utabaki. Unajua hilo."

"Najua."

"Nami sitakuonea. Lakini sitakuokota pia."

Madam alitazama ubao. Mawingu aliyoyachora yalikuwa mazuri kweli. Hakukuwa na chujio.

"Nimedanganya," alisema.

"Kuhusu nini?"

"Chumvi. Sijui inakwenda wapi. Nimetunga." Sauti ilikuwa ndogo kuliko ile ya kufundishia, ilikuwa sauti yake. "Nikiulizwa kitu nisichokijua, nasikia kama nimevuliwa nguo. Basi natunga haraka kabla watu hawajaona. Na natunga vizuri. Wiki hii nzima nimewafanya wote hawa wakariri majibu, si kwa ajili yao. Ni ili asiniulize mtu."

Waziri, aliyeyaunga mkono mawingu maalumu, aligundua kamba ya kiatu chake.

"Huo unauma," alisema Mama Kioo.

"Kwa hiyo hakuna chujio?" aliuliza shangazi.

"Hakuna, Shangazi."

"Nilijua," alisema shangazi, aliyekuwa amekwisha kuogopa dari.

Madam hakuketi. Alikwenda jikoni na kurudi na sufuria dogo, chumvi, mfuniko na jiko la mafuta, akaviweka chini mbele yao. "Tutazame," alisema. "Mimi pia nitakuwa natazama."

Maji yalitiwa chumvi hadi mwenye bucha, aliyeyaonja kwa hiari yake, akakunja uso wote. Yakachemka. Mfuniko ukatoa jasho. Madam aliuinua, akawapa kila mtu tone kutoka upande wa ndani.

"Hayana ladha," alisema fundi.

"Ni maji matupu," alisema mwenye bucha, akaomba tone la pili kana kwamba ni la kulipiwa.

Shangazi alionja la mfunikoni, akaonja la sufuriani, akarudia. "Chumvi imekataa kupanda."

"Imekataa," alisema Madam, naye akaonja, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ukawa wa mtu anayejifunza. "Maji yanakwenda, chumvi inabaki chini. Kumbe ni hivyo tu. Mmeelewa?"

Wakaitikia kwa pamoja. Mama alisema, kwa upole: "Nimeelewa, mwanangu."

Madam alikuwa ameshaanza kuushusha mfuniko. Akasimama.

"Mama, hujaelewa."

"Nimeelewa. Endelea, watu wana kazi zao."

"Hujaelewa, Mama." Alichuchumaa karibu na kigoda chake, mgongo kwa wengine wote, akamsahau aliyekuja kumtazama. "Imekukwama wapi?"

Mama alizungusha pete kidoleni. Alimtazama mwenye bucha, akamtazama mwalimu, akashusha sauti kama mtu anayeomba kitu dukani bila pesa. "Sufuria lina jiko. Sawa. Huko baharini... nani anachemsha bahari?"

Waziri alicheka. Baba yake alimtazama, kicheko kikarudi kilikotoka.

"Ni swali zuri kuliko yote," alisema Madam. "Ngoja." Alifikiri, na safari hii alifikiri waziwazi, akikuna kichwa, bila haya. "Mama, nguo ukizianika uani, siku ya mawingu, hazikauki?"

"Zinakauka. Polepole."

"Maji yake yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda tu. Upepo, joto la hewa."

"Umezichemsha?"

Mama aligeukia mlango wa uani, ambako mashuka ya watu wa mtaa wa pili yalikuwa kwenye kamba. Alikuwa ameyaanika maisha yake yote.

"Kumbe bahari inakauka kama shuka," alisema polepole. "Ila ni kubwa, haiishi."

"Na inarudishiwa na mvua."

"Kumbe." Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, pana, ya mtu anayekaa chini: "Ah. Sasa nimeelewa."

*

Mama Kioo alikuwa bado kwenye ncha yake ya kochi. "Umebakiza uwezo wako," alisema.

Madam alijipangusa masizi. "Sauti yangu inasikika. Na najua kuchora."

"Wachora mabango wanajua kuchora. Watu watano wamesema wameelewa. Ulijuaje kwamba mmoja hakuelewa?"

"Nilisikia tu."

"Ulisikia nini?"

Madam alimtazama mama yake, akasita. Lakini siku hiyo alikuwa ameshavua mengi, na la mwisho lilitoka lenyewe. "Alisema 'nimeelewa' kwa sauti anayosemea 'nimeshiba.' Chakula kikiwa kidogo, Mama hula kidogo, anasogeza sahani, anasema ameshiba. Sauti hiyo naijua tangu mdogo. Watu wakisema hivyo, namsikia."

Mama aliinamia pete yake. Fundi makochi alimtazama mkewe kama mtu anayeona mshono wa upande wa ndani kwa mara ya kwanza, na ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Tangu lini?" alimuuliza.

"Tutaongea," alisema mama. "Kuna wageni."

Mwenye bucha alikuwa anachunguza kifungo cha kochi kwa bidii ambayo kifungo hakikuistahili.

"Huo ndio uwezo wako," alisema Mama Kioo. "Wako mwenyewe, na haufundishwi chuoni, nami nimejaribu. Jumatatu utaripoti shule ya mazoezi. Wenzako wameomba madarasa ya watoto wachangamfu, wenye mikono juu. Wewe nakupa lile la nyuma ya stoo."

Madam alilijua. Wanafunzi wa chuo walilikimbia kama kipindupindu. Watoto wa darasa hilo hawakufanya fujo wala hawakuuliza kitu. Kila walichoambiwa waliitikia kwa pamoja ndiyo mwalimu, na mtihani ukija wanatoa karatasi nyeupe.

"Wote wanasema wameelewa," alisema Madam.

"Wote. Tena vizuri sana."

"Na nikiulizwa nisilolijua?"

"Utaulizwa. Ukianza kutunga, nitakurudisha mwenyewe, tena hadharani." Mama Kioo aliinuka, akamshukuru mwenye bucha kwa kochi, na mwenye bucha akapokea shukrani hizo bila kusita.

Fundi alimsindikiza mwalimu hadi mlangoni. "Samahani, mwalimu. Mimi ni mtu wa nyundo. Hilo darasa la nyuma ya stoo, ni zawadi au ni adhabu?"

"Ni kazi," alisema Mama Kioo.

Ndani, wabebaji walikwisha kuliinua kochi jekundu, na katikati ya sebule palibaki mraba mtupu wa sakafu. Shangazi alikuwa anamuuliza mwenye bucha kama kweli nyama imeisha. Fundi alisimama kando ya mraba ule, akageukia jikoni, ambako mkewe alikuwa ameanza kupakua chakula cha mchana.

"Leo anza wewe kupakua cha kwako," alimwambia. "Nami nitakaa hapa nione."

"Nenda zako," alisema mama. Lakini fundi alivuta ndoo, akakaa.